Aibu ya Gari Haina Sitara

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Laiti wangaliishi hata wakaiona biashara ya magari makuukuu katika miji yetu ya mwambao, nadhani wangaliongeza neno la tatu: kwamba kibaya huoshwa, kikapakwa rangi, kikatiwa manukato ndani, kisha kikauzwa kwa bei ya kizuri. Mimi ni fundi wa magari hapa Mombasa, na mikono yangu imekaa katika grisi kwa miaka mingi. Leo nataka tuzungumze, msomaji mpenzi, juu ya kipande kimoja cha gari ambacho wengi wanaoendesha hawajapata kukiona kwa macho yao. Nacho ni mpira unaoshikilia injini, ambao sisi mafundi twauita mauntingi. Kipande hiki kina elimu yake, na tena kina mtihani wake kwa mtu mwenye dini.

Aliyepata kusimama gatini Lamu au hapa kwetu bandarini ameona vyombo vimefungwa kandokando ya gati, na baina ya chombo na ukuta pamening'inizwa matairi makuukuu. Mawimbi yakija, chombo huyumba, lakini hakigongi jiwe, kwani tairi hulimeza lile pigo. Basi injini ya gari nayo ni vivyo hivyo. Haikufungwa chuma kwa chuma katika mwili wa gari. Baina yake na mwili huo mna vipande vya mpira mzito, kila kimoja kimeshikanishwa kiwandani na bamba la chuma upande huu na bamba la chuma upande huu.

Kazi ya mipira hiyo ni tatu. Kwanza, kuubeba uzito wa injini na giaboksi. Pili, kuizuia injini isijipinde na kuruka unapokanyaga eksileta au unapobadili gia. Tatu, kuumeza mtikisiko usimfikie aliyeketi ndani. Injini ya silinda nne, ambayo ndiyo iliyo katika magari mengi ya kwetu, hupiga moto mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Gari likiwa limesimama na injini yazunguka mara 750 kwa dakika, hesabu yake ni mapigo 25 kwa kila sekunde. Mapigo yote hayo hufika kwenye mpira, na mpira ukiwa mzima, wewe uliyeketi kitini huyasikia kama pumzi ya mtu aliyelala.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Magari mengi ya silinda nne ya zamani yalikuwa yakimtetemesha mtu hata meno. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake iliwekwa juu ya mipira, tena mahali palipochaguliwa kwa hesabu, ili injini icheze juu ya mizani yake yenyewe. Wakaiita nguvu inayoelea. Habari ikavuka bahari, na Citroën wa Ufaransa akanunua ruhusa ya kuutumia ufundi huo. Magari yake yaliyokuwa na mipira hiyo yakatiwa alama ya bata maji anayeelea. Tangu siku hizo injini ya gari dogo haijashuka tena kutoka juu ya mpira.

MPIRA HUFA

Tuchukue mfano wa gari ambalo kila mtu mwambao alijua, Toyota Corolla ile tuiitayo 110, iliyoundwa Japani baina ya mwaka 1995 na 2000. Injini yake imelala kwa upana, na imeshikwa na mipira minne: mmoja kulia, mmoja kushoto upande wa giaboksi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa kulia na wa kushoto ndio wabebao sehemu kubwa ya uzito. Wa mbele na wa nyuma ndio wazuiao injini isijipinde. Gari la mwisho la namna hiyo sasa lina umri wa mtu mzima aliyeoa na kupata watoto, na kama mipira yake haijabadilishwa, basi ina umri huo huo.

Mpira haufi kwa safari peke yake. Hufa kwa moto wa injini, ambao kila siku huukausha hata ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Hufa kwa mafuta yanayovuja kutoka juu ya injini, yakauloweka na kuulainisha hata ukavimba. Hufa kwa mashimo ya barabara zetu. Na hufa kwa miaka tu, hata gari likikaa limefunikwa turubali. Mipira mingine ina maji maalumu ndani yake ya kusaidia kuumeza mtikisiko. Hiyo ikipasuka, maji hutoka, na ukitazama chini yake waona weusi umechuruzika. Mpira wa namna hiyo umekwisha, hata kama kwa juu waonekana mzima.

Mpira mmoja ukifa, mingine hubeba mzigo wake. Kwa hiyo nayo haikawii kuufuata.

“NISITIRI, NDUGU YANGU”

Mwaka mmoja, katika juma la mwisho la Shaabani, wakati watu wanatafuta fedha za futari, alinijia dalali mmoja tunayejuana. Alikuwa ameleta 110 nyeupe, imeoshwa hata yang'aa.

“Fundi,” akaniambia baada ya kusalimiana, “sitaki kazi kubwa. Nikazie waya wa eksileta kidogo tu, injini ipande. Mnunuzi yuaja baada ya Alasiri.”

Nikamwuliza kwa nini ataka injini ipande. Akacheka. Nikaketi ndani, nikakanyaga breki, nikatia gia ya kwenda mbele. Usukani ukanitetemeka mikononi, na kioo cha nyuma kikacheza hata nisiweze kusoma namba ya gari lililokuwa nyuma yangu. Nikarudisha gia katikati, mtetemo ukapungua. Nikatia gia ya kurudi nyuma, nikasikia kishindo chini ya miguu yangu kama mtu aliyetupa gunzi la chuma.

Hapo nikaelewa. Mtetemo wa mpira uliokufa huonekana zaidi injini ikizunguka polepole. Injini ikipandishwa kutoka mizunguko 750 hadi 1,100 hivi, mtetemo huo hupungua sana au hufichika kabisa, na mgeni wa gari atasema injini ni nzima. Kazi yenyewe ni ya dakika tano na spana moja. Ndiyo aliyoitaka dalali.

Nikamwambia, “Bwana, gari hili mipira yake imekufa. Mnunuzi ajua?”

“Atajua baadaye,” akasema. “Ni kijana, ataka kufanya teksi. Fedha anazo taslimu, mamake ameuza bangili zake. Nisitiri, ndugu yangu. Mwenye kumsitiri mwenziwe naye husitiriwa.”

Neno hilo lilinishika. Dalali hakuniomba uwongo. Aliniomba sitara, na sitara ni jambo tulilofunzwa tangu chuoni kwamba ni katika tabia njema za Mwislamu.

KUTIA MKONO CHINI

Kabla sijakwambia nilimjibu nini, yafaa nikueleze jinsi ya kuijua aibu hii, kwani huenda nawe kesho ukawa mnunuzi.

Jambo la kwanza ni kutofautisha mitetemo. Si kila gari linalotetemeka mipira yake imekufa. Injini ikitetemeka bila mpango, mara yakohoa, mara yatulia, mara yataka kuzimika, tazama kwanza plagi, koili na njia ya hewa. Mtetemo ukianza barabarani gari likifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, na ukawa hauko gari likiwa limesimama, hiyo ni habari ya magurudumu au shafti. Lakini mtetemo ukiwa wa mpango mmoja gari limesimama, ukazidi ukitia gia ya mbele huku umekanyaga breki, ukapungua ukirudisha gia katikati, ukazidi tena ukiwasha kiyoyozi, hapo shaka yetu huiendea mipira.

Jambo la pili ni kuitazama injini ikifanya kazi. Fungua boneti. Mtu mmoja aketi ndani, avute breki ya mkono, akanyage breki ya mguu kwa nguvu, atie gia ya mbele na aguse eksileta kidogo, kisha afanye hivyo kwa gia ya nyuma. Wewe simama ubavuni mwa gari, usisimame mbele yake wala nyuma yake hata kidogo, kwani breki ni kitu cha binadamu. Injini nzima hujiinamia kidogo tu kisha ikatulia. Ikiwa yaruka, ikapanda na kushuka kwa kishindo, mpira umekatika.

Jambo la tatu, zima injini, iache ipoe, uchukue tochi. Tazama kila mpira. Je, una nyufa? Umetengana na bamba lake? Umelala kwa upande mmoja, au umevimba kwa mafuta? Kisha chukua mtaimbo mfupi, uutie taratibu baina ya injini na chuma inapoegemea, uinue kidogo. Mpira mzima hukurudisha. Uliokufa hukufunulia kinywa chake.

Kila nifanyapo jambo hili la tatu hukumbuka kisa kijulikanacho cha Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akakuta chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta chini yake imerowa. Alimkemea mwenye nafaka na kumtaka ule unyevu auweke juu, watu wauone. Chungu ile kwa juu ilikuwa kavu, na aliyetazama kwa macho tu angaliridhika. Basi na gari ni hivyo. Rangi yake ni nafaka ya juu. Anayetaka kujua sharti atie mkono chini.

Katika 110 ile niliutia. Mpira wa nyuma ulikuwa umekatika kabisa. Wa kushoto ulikuwa umetengana na chuma chake. Wa mbele na wa kulia ilikuwa na nyufa za kuingia kucha.

“NI MPIRA TU”

Dalali akanijibu kwamba ni mpira tu, hauui mtu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na nitaleta mfano ulioandikwa.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari ya Chevrolet ambayo mipira yake ya injini ilikuwa ikikatika. Mpira ukikatika, injini iliinuka mahali pake dereva anapokanyaga eksileta. Ikiinuka, iliweza kuuvuta ule mtambo wa eksileta ukakwama wazi, na pengine kuung'oa mrija unaoisaidia breki. Dereva akawa na gari linalokimbia bila ya yeye kutaka, na breki imekuwa nzito kama jiwe. Baada ya malalamiko mengi, mnamo Desemba 1971 kampuni ilitangaza kuyaita magari kama milioni 6.7 yarudi yatengenezwe. Kwa wakati huo hapakuwa pamewahi kuitwa magari mengi kiasi hicho. Na dawa waliyotia ilikuwa ndogo mno: kizuizi cha kuikamata injini isiinuke hata mpira ukikatika.

Sisemi kwamba kila Corolla yenye mpira mbovu itakimbia peke yake. Magari yaliyofuata yaliundwa kwa kujifunza na msiba huo, na mipira yake mingi imeundwa ili injini isiponyoke hata ikichanika. Lakini injini inayocheza kila siku huvuta mirija ya maji, huvuta nyaya, hupasua bomba la moshi kwenye maungo yake, na huzichosha shafti. Mwenye teksi atabadilisha bomba leo, mrija kesho, waya kesho kutwa, asijue kwamba ugonjwa ni mmoja. Bangili za mama zingalikwisha kwa vipande vipande namna hiyo.

SITARA NI YA NANI?

Basi nikamwambia dalali maneno niliyokuwa nayo. “Mtu husitiriwa, bwana. Gari halisitiriwi.”

Nilikuwa na maana hii. Ndugu yako akiteleza, ukamwona peke yako, ukanyamaza usimtangaze, hiyo ni sitara. Hapana mtu aliyedhulumiwa kwa kunyamaza kwako. Lakini bidhaa haina heshima ya kuvunjiwa. Ukiifunika aibu ya bidhaa, humsitiri mtu yeyote. Wamfunga macho mnunuzi, ukampeleka shimoni huku umemshika mkono. Hiyo jina lake ni ghushi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu mwambao twayafuata, jambo hili lina mlango wake katika vitabu vya fikihi. Mnunuzi akikuta katika bidhaa aibu iliyokuwako kabla hajaipokea, nayo ni aibu ya kupunguza thamani yake, ana khiyari ya kuirudisha. Lakini asikawie. Akiijua aibu kisha akaendelea kukitumia kitu hicho kana kwamba ameridhika, haki yake ya kurudisha humponyoka. Na wanazuoni wakaenda mbele zaidi. Wajibu wa kuisema aibu si wa muuzaji peke yake. Hata mtu kando, asiye na hisa katika biashara ile, akiijua humpasa amwambie mnunuzi. Fundi, basi, hana pa kujificha. Hawezi kusema, “Mimi si muuzaji, mimi nimekaza waya tu.”

Wengine husema huuza gari hivyo hivyo lilivyo, na kwamba mnunuzi ana macho yake. Neno hilo halimwondolei wajibu mtu anayeijua aibu na kunyamaza. Na mwenye kukaza waya ili aibu isionekane amepita hata kunyamaza. Ameisema aibu kwa ulimi wa uwongo.

Zamani wazee wetu wa bahari walivipaka vyombo mafuta ya papa ili mbao zisinywe maji, na mafuta hayo huitwa sifa. Ilikuwa kazi ya haki, tena ya lazima. Lakini chombo kilichooza mbao ukikipaka sifa juu, hujakitengeneza. Kitang'aa siku ya mnada na kitazama siku ya kusi. Magari nayo yana sifa zake, za mafuta na za maneno.

Dalali alichukua ufunguo wake akaenda zake. Kwa fundi mwingine au kwa spana yake mwenyewe, waya ulikazwa. Kijana alikuja, akalipenda gari, akatoa arbuni.

MWENYE GARI

Gari lile lilikuwa la mzee mmoja niliyekuwa nikisali naye msikiti mmoja. Baada ya Magharibi nilimkuta barazani, nikamsalimu, nikamwuliza kama ajua hali ya gari lake. Akanitazama kwa mshangao. “Mwanangu,” akasema, “mwaka mzima sijalishika usukani. Macho yangu hayaoni usiku, na mchana naogopa. Nimemwambia dalali aniuzie kwa haki.”

Nikamweleza yote: mpira wa nyuma, wa kushoto, nyufa za ile miwili, na waya. Mzee alinyamaza kitambo, akiuzungusha tasbihi. Fedha za gari lile alikuwa amezitia hesabuni tayari, kwani alikuwa na matibabu ya macho mbele yake. Kisha akasema nimwitie kijana.

Kijana alipokuja, mzee hakuzunguka. Alimwambia, “Mwanangu, gari langu lina aibu sikuijua. Chukua arbuni yako, au nalitengeneze kwa fedha yangu kisha ulichukue kwa bei tuliyopatana. Na kamwulize mamako kwanza.” Kijana akaenda, akarudi kesho yake na mamake. Mama yule alinitazama mimi, si mzee, akaniuliza, “Fundi, likitengenezwa litafanya kazi?” Nikamwambia mipira itakuwa mizima, injini yenyewe naiona nzima, chini ya mlango wa nyuma mna kutu, na vizuia mtikiso vya nyuma vimechoka, havitafika mwaka. Akasema, “Hayo nimeyasikia. Tengeneza.”

JINSI YA KUUBADILISHA

Kijana alishinda nami gerejini siku ile, na mambo niliyomwonyesha ndiyo haya.

Spea kwanza. Wengi hununua mpira uliotolewa katika gari lililovunjwa, kwa kuwa ni wa kiwandani na bei yake ni nafuu. Lakini nimekwisha kusema kwamba mpira hufa kwa miaka. Mpira wa gari jingine la umri huo huo ni mzee mwenzake, umevaa vumbi la gereji nyingine tu. Heri mpya wa kampuni yenye jina kuliko mkuukuu wa kiwandani. Na jihadhari na ule mpya wa bei ya kutupa, uliokuwa mgumu kama ubao. Utaishika injini, lakini mtetemo wote utakuletea kitini. Kujaza gundi katika mpira uliokatika, au kuufunga kwa vipande vya tairi na waya, ni kazi ya kukufikisha nyumbani, si ya kuuzia gari.

Kisha kazi yenyewe. Gari lisimame mahali sawasawa, magurudumu yamezuiwa, injini imepoa, waya wa betri umefunguliwa. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi madhubuti, usiliamini jeki peke yake. Jeki yako itie chini ya injini, na baina ya jeki na sampu ya mafuta weka kipande cha ubao kipana, kwani sampu ni bati jembamba na chuma cha jeki kitaitoboa. Inua polepole mpaka jeki iupokee uzito wa injini, basi, usiendelee. Huinui injini. Waipa mahali pa kuegemea wakati mguu wake mmoja uko nje.

Fungua mpira mmoja, utie mpya, kisha ndipo uende kwa wa pili. Mwenye kufungua yote kwa pamoja ataiona injini imehama mahali pake, na atakesha akizitafuta tundu za bolti. Kila bolti ianze kwa vidole. Ikikataa vidole, imepinda njia, na spana itaharibu uzi wake. Usizikaze kabisa mara moja. Zikiisha kuingia zote, teremsha jeki, iache injini iketi kwa uzito wake wenyewe, itikise kidogo ijitafutie kituo, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo, kwa kadiri aliyoandika mwenye kuunda gari. Ukikaza mpira umejipinda, umeufunga na maumivu yake, na hautaishi.

Tulibadilisha yote minne. Kijana aliniuliza kwa nini tusibadilishe miwili iliyokufa tu, na hiyo ya nyufa tuiache. Nikamwambia mpira mpya ukiwekwa baina ya wagonjwa hubeba mizigo yao, na baada ya miezi angalirudi kwangu na fedha nyingine.

Mwisho tuliulegeza ule waya, tukairudisha injini kwenye mwendo wake. Kijana akaketi, akakanyaga breki, akatia gia ya mbele. Kioo cha nyuma kilitulia, na akanisomea namba ya gari lililokuwa nyuma yake. Juma lililofuata alirudi, tukazipitia bolti tena, kwani bolti mpya hujilegeza kidogo baada ya kazi.

KWA MNUNUZI, MUUZAJI NA FUNDI

Gari lile lilifanya teksi. Vizuia mtikiso vya nyuma vilikufa kama nilivyosema, naye alikuwa amekwisha kuviwekea fedha. Mzee alipata upungufu katika hesabu yake, akakaa miezi zaidi kabla ya kwenda kutazamwa macho. Dalali hakuniletea tena gari, naye alikuwa akiniletea mawili matatu kila mwezi. Twasalimiana. Nayasema haya ili asije mtu akadhani kusema kweli sokoni hakuna gharama. Kuna gharama, na kila mmoja wetu alilipa fungu lake. Bali gharama hiyo iliwaangukia wenye kuijua, haikumwangukia mama aliyeuza bangili.

Kwa hiyo, ewe mnunuzi, usiende kulitazama gari ambalo limekwisha kuwashwa na kupashwa moto likakungoja. Omba lizimwe lipoe, uliwashe mwenyewe. Itazame mizunguko ya injini kwenye saa yake. Ikiwa gari limesimama, limepata moto, kiyoyozi kimezimwa, na bado sindano iko juu ya 1,000, uliza kwa nini. Tia gia ya mbele na ya nyuma huku umeshika breki, usikilize. Na uende na fundi wako mwenyewe, usichukue wa dalali.

Ewe muuzaji, kama huijui hali ya gari lako, lipimishe kabla hujalitangaza. Bei ya mipira minne ni kidogo mbele ya bei ya gari, na aibu iliyosemwa hupunguza bei mara moja tu. Iliyofichwa hukufuata mpaka barazani kwako.

Nawe fundi mwenzangu, watu wakikujia na neno la sitara, waulize ni nani anayesitiriwa. Akiwa ni mtu, nyamaza, na ujira wako uko kwa Mola. Ikiwa ni gari, fungua boneti. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na gari nalo halijui kutunza siri.

Wabillahi taufiki.